Msalaba Kichwani mwa Fundichuma

Mwanangu wa kidato cha kwanza, vuta kiti, na kama hakuna kiti kalia begi lako. Sisi wazee wa kidato cha nne hatupendi kuongea na mtu aliyesimama mlangoni kama mbuzi anayechungulia jiko. Nimeombwa niwaachie neno ninyi mnaoingia klabu ya mazingira na kukabidhiwa kamera, kwa sababu mimi jicho la kulia limechoka kwa kuchungulia kitundu, mgongo unauma kwa kulala majarubani, na mtihani wa taifa umekaribia kunichukua. Nina miaka kumi na saba. Nimeyaona.

Nakumbuka asubuhi moja ya likizo, enzi za ujana wangu, nilipokuwa kidato cha pili. Mwalimu mlezi wa klabu alikuwa ameniazima kamera ya shule, hii hii iliyomo kabatini, yenye lenzi ndefu kama mchi wa kutwangia karanga. Aliniambia, "Lusajo, nenda nayo kwenu Mwaya uniletee ndege wa porini kwa ajili ya ubao wa maonyesho. Ukiniletea picha ya kuku nitakufanya umle mwenyewe na manyoya yake." Nikaining'iniza shingoni nikapita nayo kijijini taratibu, kwa njia ndefu, ili watu wapate muda wa kunitazama. Hata wasioniuliza niliwajibu.

Nyumbani kwetu ni kwa Bibi, mama yake baba. Ukitaka kuelewa balaa langu lazima nikupangie ua wake. Kuna nyumba. Mbele ya nyumba kuna kaburi la Babu, lililojengewa vigae vyeupe, na kichwani pake msalaba mrefu unaong'aa. Ukiendelea unafika kwenye mfereji wenye tuta la udongo, na ng'ambo ya mfereji ndiyo mpunga unaanza. Upande wa juu, mfereji unakotokea, kuna shamba la kakao lenye kivuli kizito. Na kando ya mfereji kuna mkuyu, na juu ya mkuyu huo, mwanangu, kulikuwa na kiota.

Usifikirie kiota kama cha ndege wengine, vijiti vitatu na matumaini. Ndege huyu, fundichuma, hajengi kiota, anajenga ghorofa. Anabeba matawi, matope, majani makavu, matambara, hata maganda ya biskuti, mpaka mtu mzima angeweza kukaa juu yake na lisibomoke. Ukutani mwa ghorofa lile niliiona soksi yangu ya shule niliyoitafuta muhula mzima. Mwenye nyumba mwenyewe ana rangi ya chai isiyo na maziwa, na kisogoni ana kishungi kilichochongoka, hivyo kwamba kichwa na mdomo vinafanana na nyundo. Kwetu wapo wanaosema ni ndege wa wachawi. Wapo pia wanaosema ukiibomoa nyumba yake, radi itakutafuta mpaka ikupate. Kwa hiyo hakuna aliyempenda na hakuna aliyemgusa. Tuliishi naye kama tunavyoishi na mwalimu wa nidhamu.

Asubuhi hiyo alitua juu ya tuta, chura mdomoni. Kule kiotani makinda yakawa yanapiga kelele za njaa. Mimi nilikuwa ng'ambo, jarubani, nimeuelekea ua. Nilikuwa nimesikia kwamba lile tundu la kupitishia mwanga kwenye lenzi ukilibana sana, kila kitu kitaonekana wazi, cha karibu na cha mbali. Nikalibana mpaka mwisho. Nikapiga. Na ni kweli, mwanangu, kila kitu kilionekana wazi. Hapo ndipo mwiba ulipoingilia.

Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na bando linaloisha saa sita usiku. Nikaihamishia picha kwenye simu ya mama, nikairusha kwenye kundi la ukoo, ambamo wamo ndugu wa Kyela mjini, wa Mbeya, wa Dar es Salaam, mpaka shangazi yangu aliyeolewa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Nikaandika: "Mwonekano wa fundichuma, kazi ya mikono yangu." Kisha nikakaa kusubiri sifa.

Shangazi wa Karonga alikuwa wa kwanza. "Mbona huyo ndege ameota msalaba kichwani?"

Baba mdogo wa Mbeya akafuata. "Huo si msalaba wa Mzee?"

"Na hayo meusi yaliyojaa juu ya kaburi ni nini?" akauliza mwingine. "Kinyesi chake?"

Nikaitazama upya picha yangu, na safari hii nikaitazama kama mtu mwingine. Msalaba wa Babu ulikuwa umesimama wima juu ya kishungi cha fundichuma, umeunganika naye kabisa, kama taji la askofu. Kaburi lilikuwa mbali nyuma yake, upande wa pili wa ua, lakini lenzi ndefu ina tabia ya kuvivuta vya nyuma vikaegemea migongo ya vya mbele. Picha ilisema ndege amekanyaga kaburi. Yale meusi yalikuwa kakao. Bibi huanika kakao yake juu ya vigae vya Babu, kwa kuwa vigae vinashika joto na mbuzi wanaliogopa lile kaburi. Kila jirani alijua. Watoto wake walioko mjini ndio hawakujua.

Ndipo akaingia Baba Mkubwa Anyambilile, kaka mkubwa wa baba yangu. Yeye haandiki, anatuma sauti, na lazima akohoe kwanza. Akakohoa. "Ndege wa wachawi amesimama juu ya kaburi la marehemu baba yangu, amelichafua, na mtoto anapiga picha anachekelea! Jumamosi nakuja na fundi wa msumeno. Mkuyu unakatwa, na hicho kiota kinachomwa moto."

Kilio cha makinda kilikuwa kikiingia dirishani pangu wakati sauti ile inaisha.

Bibi aliniita. Akiniita kwa Kiswahili najua kuna kazi, akinianza kwa Kinyakyusa najua kuna kesi. "Gwe Lusajo!" Akaipokea simu, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaisogeza tena mbali.

"Ndege yuko wapi?"

"Huyu hapa, Bibi."

"Mimi naona kakao yangu. Naona msalaba wa mume wangu. Naona na gauni langu la ndani kwenye kamba."

Gauni la ndani sikuwa nimeliona hata mimi. Lilikuwepo. Lilikuwa limejaa upepo, limetanua kama bendera ya sikukuu.

"Bibi, mimi nilikuwa namwangalia ndege."

"Wewe ulimwangalia. Wenzako umewapa vyote." Akanirudishia simu. "Mgeni hali ugali tu, baba, anaona na jiko. Ukimwita mtu aje atazame kitu chako, tazama kwanza nyuma ya hicho kitu pana nini. Nyani haoni kundule, tumezoea. Wewe umelipiga picha na kuwatumia watu Mbeya."

Mwanangu, neno lile liliniingia. Ila ujana ni maji ya moto, na mimi nilikuwa na ujana wa lita nyingi. Badala ya kwenda kwenye tuta kutazama, nilikimbilia simu. Kuna programu zile ambazo unapaka kidole juu ya usichokitaka, kinatoweka, kisha programu yenyewe inajaza pengo kwa kukisia palikuwa na nini. Nikasema msalaba huu naufuta, ndege anabaki safi, kesi imekwisha. Nikapaka. Kioo cha simu ya mama kina ufa mahali pale pale, sikuona vizuri. Nikarusha: "Haya, tazameni sasa. Hakuna msalaba wala nini."

Mtu anaanza kuandika, anaacha. Mwingine anaanza, anaacha.

"Ameumeza," akaandika Shangazi wa Karonga.

"Ana vichwa viwili," akaandika baba mdogo.

Nikaitazama simu upande usio na ufa. Programu ilikuwa imekisia. Kwa kuwa jirani wa msalaba alikuwa kichwa cha fundichuma, basi ilikichukua kichwa kile, ikakipanda palepale msalaba ulipokuwa, mdomo na kishungi chake, cha pili juu ya cha kwanza. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Baba Mkubwa akakohoa. "Msalaba wa baba yangu uko wapi?" Akakohoa tena. "Jumamosi ni mbali. Nakuja Ijumaa."

Ndiyo hivyo. Nyumba ya watu, na watoto wao ndani, ilikuwa inaenda kubomolewa kwa sababu mimi sikutazama nyuma. Fundichuma hakuwa amekosea kitu. Alikuwa amesimama kwake anakula chura. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na ndege mwenyewe ni fundi chuma, angenielewa. Kesho yake kabla jua halijapanda nikashuka jarubani, nikajiapiza kwamba leo sitamwangalia ndege. Nitaangalia kila kitu kasoro ndege.

Nikasimama palepale pa balaa. Nikachungulia tuta tupu. Kweli, juu yake msalaba. Nikapiga hatua moja kushoto. Msalaba ukateleza ukaenda kusimama kwenye migomba. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Hatua tena, kamba ya nguo ikatoka na gauni lake. Mwanangu, nilikuwa nimeshindana na programu nusu ya usiku kwa kitu ambacho mguu wangu ulikitatua kwa hatua moja! Nikaendelea kuzunguka ukingoni mwa jaruba, hatua kwa hatua, huku nikichungulia. Nyumba ikatoka. Choo kikaingia, kikatoka. Nikazunguka mpaka nyuma ya tuta hapakuwa na kitu kingine ila shamba la kakao kule juu, mbali, ambako jua la asubuhi halijaingia bado. Giza tupu la kijani. Na juu ya tuta lenyewe jua lilikuwa limeshamwagika.

Nikapiga magoti. Majani ya ukingoni yakaikata picha katikati. Nikalala kabisa, kifua kwenye matope, kamera juu ya kandambili zangu mbili, na majani yakashuka chini ya picha. Tundu nililolibana siku ile nikalifungua lote, kakao kule nyuma ikayeyuka kama samli kikaangoni, haina jani wala tawi, rangi tu. Kila kitu kilikuwa tayari. Kilichokosekana ni ndege, maana naye ana mambo yake.

Siku hiyo hakuja. Alinipitia juu, akaniona, akaenda kula kwa jirani. Dada yangu Tupokigwe, ambaye ni binti wa baba mdogo na ana ulimi kama upupu, alipita na ndoo akasimama tutani.

"We Lusajo, umekufa au unaota mizizi?"

"Nyamaza, nasubiri ndege."

"Mpunga wenzako wanapanda, hawapandwi."

Ruba naye akanikaribisha mguuni. Sikumtoa, kwa kuogopa kutikisika, nikamwacha anywe ashibe aende zake. Siku iliyofuata nilijifunika gunia na kujipaka matope mpaka masikioni, na fundichuma akaona huyu sasa ni sehemu ya jaruba, hana neno. Akatua. Akatembea juu ya tuta kama mkaguzi wa shule. Nikasubiri. Alikuwa amekaribia sana nguzo ya uzio, nikasubiri aipite. Akaipita. Akachovya mdomo, akanyanyuka na chura, maji yakimdondoka, jua likamwasha mgongo mzima, na nyuma yake hakuna kitu, mwanangu, hakuna kitu duniani isipokuwa lile giza laini la kakao. Nikapiga.

Nilipoiona kwenye kioo cha kamera nilimpigia saluti yule ruba.

Nilikimbia kwa Bibi nikiwa bado na matope. Akatazama. Safari hii hakusogeza mbali wala karibu. "Kumbe ana macho mazuri," alisema. "Ndaga fijo, baba." Ahsante sana, hiyo, na kwa Bibi haitolewi ovyo. Nikachukua simu ya mama niirushe kwenye kundi, akanishika mkono. "Acha. Simu imekuumbua mara mbili. Mwache baba yako mkubwa aje aone kwa macho yake mwenyewe."

Ijumaa akaja. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na koti la harusi na viatu vinavyong'aa, nyuma yake bodaboda nyingine na fundi wa msumeno, kijana mmoja mpole anaitwa Gwakisa, amekumbatia msumeno wake wa mashine kama mtoto mchanga. Nikamwamkia, shikamoo ndefu yenye mikono miwili. Nikampa kamera.

Baba Mkubwa akaitazama picha. Akakohoa. "Huyu ni ndege mwingine."

"Ni yuleyule, Baba Mkubwa."

"Yule alikuwa na msalaba. Huyu ni mzuri."

"Msalaba uko palepale. Aliyehama ni mimi."

"Kijana, mara ya kwanza ulinionyesha msalaba. Mara ya pili vichwa viwili. Leo unaniletea malaika. Kesho utaniletea nini, twiga?" Akamgeukia Gwakisa. "Fundi, washa."

Gwakisa hakuwasha. Alikuwa anautazama mkuyu, anatazama kiota, anatazama mawingu kule kwenye milima ya Matema. "Mzee, mlivyoniita hamkusema kuna nyumba ya fundichuma. Radi ikija inamwuliza nani? Mwenye mti au mwenye msumeno?"

"Inaniuliza mimi!"

"Basi uiambie kabisa, na mimi nisikie."

Makinda juu yakaanza kelele. Baba Mkubwa akaanza kuuelekea msumeno mwenyewe. Na hapo, mwanangu, wazo likanijia, na nakuapia hata leo sijui lilitoka kwa Mungu au kwa mwenzake.

"Baba Mkubwa," nikasema kwa adabu zote nilizonazo na nyingine za kuazima, "kabla mti haujaanguka, naomba picha moja ya kumbukumbu. Wewe mwenyewe. Pale kwenye tuta."

Baba Mkubwa anapenda picha. Ukoo mzima unajua. Akafunga kifungo cha koti. Akavua kofia, upara ukapata jua. Akapanda juu ya tuta, kifua mbele, kidevu juu, mkono mmoja kiunoni. Nami nikavuka mfereji, nikaenda kusimama palepale pangu pa zamani, pa balaa, nikalibana tundu la lenzi mpaka mwisho, nikapiga.

Nikarudi nikawaonyesha wote. Msalaba wa Babu ulikuwa umeota katikati ya upara wa Baba Mkubwa, umenyooka, hauna hata mwinamo. Kakao ilikuwa imemwagika kuanzia sikio hadi sikio. Na gauni la ndani la Bibi, ambalo Mungu alipanga lifuliwe tena siku hiyo, lilikuwa limemwangukia begani kama shali la bibi harusi.

Hata msumeno, ambao haukuwa umewashwa, ulionekana umenyamaza zaidi.

Gwakisa akainamia kioo cha kamera, kisha akamwangalia Baba Mkubwa kwa heshima kubwa. "Mzee," akauliza, "nianze na mti, au nianze na wewe?"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Tupokigwe aliangusha ndoo. Mimi niliuma shingo ya shati langu, kwa sababu mtoto wa Kinyakyusa hamcheki baba yake mkubwa usoni, anamchekea ndani ya shati.

"Mimi sijasimama juu ya kaburi," alisema Baba Mkubwa polepole.

"Hata ndege hakusimama, Baba Mkubwa."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Baba Mkubwa akatembea, na viatu vyake vinavyong'aa, kutoka kwenye tuta mpaka kaburini, akageuka, akaangalia alikotoka. Akaangalia kakao juu ya vigae.

"Mama. Kakao juu ya baba?"

Bibi akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge. "Baba yako enzi za uhai wake alilala nje akiilinda kakao hii. Sasa amelala nje anaendelea na kazi. Umesikia amelalamika?"

Baba Mkubwa akafikiri. "Hapana," akakiri. "Ila ipange vizuri. Inaonekana ovyo kwenye picha."

Kisha akarudi kwangu, akanyoosha mkono. "Nipe hicho chombo. Nionyeshe hapo ulipohamia."

Nikamzungusha ukingoni. Nikamwambia atazame nyuma kwanza, mbele baadaye. "Nyumba," akasema, jicho kwenye kitundu. Hatua. "Choo." Hatua. "Mama yako." Hatua. "Giza." Akakaza jicho. "Giza zuri."

"Hapo, Baba Mkubwa. Sasa ulale."

"Nilale wapi?"

"Kwenye matope."

Akaliangalia koti la harusi. Akaliangalia jaruba. Akavua koti akampa Gwakisa, ambaye sasa alikuwa anashika msumeno mkono mmoja na koti mkono mwingine, na mtu mkubwa wa ukoo wetu akashuka taratibu, goti, goti, tumbo, mpaka akalala kwenye mpunga kama mamba mwenye soksi. "Kila mtu anyamaze!" akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka Njisi kule mpakani.

Tukanyamaza. Fundichuma akaja kutoka upande wa ziwa, akampita Gwakisa juu ya kichwa, akatua tutani na chura wake. Makinda yakapasuka kwa furaha. Kidole cha Baba Mkubwa kikabonyeza.

Alipoiona ile picha hakukohoa. Alibaki amelala akiitazama, matope kidevuni. "Mama," akaita, "njoo uone. Ana sura ya baba akiwa amenuna."

Bibi akapiga kigelegele kikavuka mfereji, Tupokigwe akakipokea, jirani wa ng'ambo naye akakipokea bila kujua ni cha nini, na Gwakisa akarudi zake na mkungu wa ndizi badala ya gogo la mkuyu, akisema hajawahi kulipwa kwa kazi nzuri kama ile ya kutofanya kazi. Sikuwahi kushinda kitu kikubwa hivyo, mwanangu, na sidhani kama nitashinda tena hata nikipata daraja la kwanza.

Makinda yakatoka kiotani yote, manyoya mapya, yakawa yanatua kwenye tuta na kujifunza kuanguka. Picha yangu ikabandikwa katikati ya ubao wa maonyesho wa shule, mnaipita kila siku mkienda kula. Nakala yake iko sebuleni kwa Bibi, kati ya picha ya harusi yake na kalenda ya kanisa. Na Baba Mkubwa ameiweka yake kwenye simu mahali pa sura yake, na akikutana na watu huwaambia kwamba alikuja Mwaya kunifundisha kupiga picha. Sijambishia. Mkubwa habishiwi, anasogezwa tu hatua kushoto.

Sasa nasaha yenyewe, kengele haijalia. Mwanangu, ukiinua kamera, moyo utakimbilia mbawa, jicho, pembe, mkia. Uache ukimbie, lakini jicho lako lirudi nyuma. Uliza: mwiba gani umechoma sikio la swala huyu, nguzo gani imeota mgongoni mwa nyani, gauni la nani liko kwenye kamba. Ukikuta uchafu, usikimbilie kufuta, kwa kuwa kinachofuta kinakisia, na kinachokisia kitakuletea vichwa viwili. Ondoka wewe. Mguu ni bure na hauhitaji bando. Shuka chini hata kama umevaa koti la harusi. Mtafutie mnyama wako kivuli cha mbali cha kumsimamisha mbele yake, fungua tundu la lenzi, halafu subiri, maana hatakuja kwa ratiba yako, na ruba ana haki ya kunywa chai. Na ukiona picha ya mtu imemfanya mwenzako aonekane mchawi, kabla hujaita msumeno, kaulize picha hiyo ilipigwa kutokea wapi.

Haya, nendeni. Kyala akusaje, mwanangu, Mungu akubariki wewe, na kadi ya kamera yako isijae siku ya chui. Akupe mgongo mwepesi wa kuinama, asubuhi zenye jua upande wako, na kivuli kizuri nyuma ya kila unachokipenda. Nami siku nikizeeka kweli, nikalazwa uani kwetu Mwaya chini ya vigae, anikeni kakao juu yangu bila wasiwasi. Ila fundichuma akitua mbele yangu, anayepiga picha ajue la kufanya.